Fundi akianguka saiti hapa Uganda, nani analipa? Tufuate mnyororo wa kandarasi mpaka juu

Mtu akianguka kutoka kwenye jukwaa la mikaratusi, iwe Kira, Arua au Hoima, jibu ambalo familia inapewa huwa ni lile lile, "huyo hakuwa mfanyakazi wetu, alikuwa kontrakta." Basi mambo yanaishia hapo. Ndugu wanafungua grupu la WhatsApp kuchanga pesa ya hospitali na hakuna anayeuliza kama hilo neno kontrakta lina nguvu ya kumnyima haki mtu aliyevunjika mgongo. Mara nyingi halina. Ila kuna mtu mmoja kwenye mnyororo ambaye kwake lina nguvu kweli, na mtu huyo kawaida ndo hajui kabisa, anaamka asubuhi anapanda ghorofa ya tatu akidhani yuko sawa na wenzake.

Tuanze na sheria yenyewe. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, na wazo lake si gumu: mfanyakazi akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi, akiwa kazini, mwajiri wake analipa, bila kuulizana nani alikosea. Hapo kwa nani alikosea watu wengi hawaamini ukiwaambia. Sheria inasema wazi kwamba fidia inalipwa hata kama ni uzembe wa mfanyakazi mwenyewe, kwa hiyo yule fomani anayekimbilia kusema "tulimwambia avae helmeti akakataa" hajajitoa. Akijiumiza kwa makusudi hapo ni kesi nyingine. Na safari ya kwenda na kutoka kazini nayo imo, ukigongwa na gari ukiwa kwenye boda asubuhi unaelekea saiti moja kwa moja inahesabika kama umeumia kazini, ila ni juu yako kuonyesha kwamba ulikuwa unaenda moja kwa moja, kama ulipitia kwanza kwa shemeji kunywa chai ya saa mbili hapo umejiletea shida.

Kitu kingine, na hii nawaambia hasa waliowahi kufanya kazi Tanzania, kule wana mfuko wa serikali wa fidia, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, waajiri wanachangia na mfanyakazi akiumia mfuko ndo unalipa. Uganda hatuna mfuko kama huo. Hapa anayelipa ni mwajiri mwenyewe, na sheria inamlazimisha kila mwajiri awe na bima ya kufunika hilo deni. Akiwa hana bima deni halifutiki, linabaki shingoni kwake na pia amevunja sheria. Na tafadhali msichanganye na NSSF. Zile asilimia 5 zako na 10 za mwajiri ni akiba yako, ukilemaa unaweza kuitoa mapema, lakini ni pesa yako ile ile, haijakulipa mtu fidia. Nimesikia mabosi wakimwambia mtu aliyepoteza jicho "si uende NSSF", hapana, hivyo ni vitu viwili na mtu ana haki ya vyote viwili.

Haya, sasa tuje kwenye mnyororo wenyewe. Chukua jengo la apatimenti linalojengwa Najjera. Juu kabisa kuna mwenye jengo, labda kampuni. Chini yake kontrakta mkubwa mwenye bango pale getini. Kontrakta kagawa kazi, nondo kampa huyu, umeme yule, plasta kampa sabukontrakta mwingine. Sabukontrakta wa plasta naye hana watu wake, kaita fundi anayemjua, kamwambia "hizi ghorofa mbili nimalizie kwa bei hii", makubaliano ya mdomo, hiyo ndo tunaita kuchukua leba. Fundi sasa kaenda stendi asubuhi kachukua mapoota watano wa kumchanganyia na kumpandishia zege na plasta. Halafu poota mmoja ubao unamtoka chini ya mguu. Nani mwajiri?

Sheria haitazami cheo ulichopewa, inatazama kazi inavyoendeshwa. Mfanyakazi kwenye sheria hii ni mtu anayefanya kazi kwa malipo chini ya maelekezo na usimamizi wa mwajiri. Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni ya kawaida tu. Nani anakuambia uje saa ngapi na uondoke saa ngapi? Nani anakwambia leo uache ukuta huu uende kule? Vifaa ni vya nani? Unalipwa kwa siku au kwa kazi yote? Ukiamua kesho kumtuma mdogo wako badala yako, wanakubali au wanamfukuza getini? Kazi ikiharibika hasara ni ya nani? Una wateja wengine au maisha yako yote ni saiti hiyo hiyo? Hakuna swali moja linalomaliza kesi, zinawekwa pamoja. Lakini mtu anayelipwa kwa siku, anayesaini kwenye kaunta buku la fomani kila asubuhi, anayetumia toroli na sepetu za saiti na kuamrishwa kutwa nzima, huyo ni mfanyakazi, hata kama alisainishwa karatasi yenye kichwa cha habari KONTRAKTA kwa herufi kubwa.

Na mkataba si lazima uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2006 inatambua mkataba wa mdomo, hata ule ambao hamkuutamka ila mwenendo wenu unaonyesha upo. Kwa hiyo "hatukuandikiana" siyo jibu.

Hapa kuna kona moja lazima niiseme, sitaki mtu aende ofisini na matumaini ya bure. Sheria ya fidia inawatoa wale ambao ni vibarua wa kupita tu kabisa. Mtu aliyeitwa barabarani ashushe lori moja la vigae akalipwa akaondoka, huyo yuko pabaya. Lakini lejaleja, yaani kibarua wa kulipwa kwa siku, anayekuja saiti hiyo hiyo wiki baada ya wiki siyo wa kupita, na kanuni za ajira za 2011 zinasema huwezi kumweka mtu kama kibarua zaidi ya miezi minne, baada ya hapo anatakiwa kupewa mkataba wa maandishi na haki zinazofuatana nao. Saiti nyingi Kampala zina mapoota wa mwaka mzima ambao bado wanaitwa lejaleja, na wao wenyewe wameshalikubali hilo jina wanaona ndo hali yao. Sio hali yao, ni bosi kachelewa kufuata kanuni.

Turudi kwa poota wetu. Mwajiri wake wa karibu ni yule fundi, maana fundi ndo kamchukua, ndo anampa maelekezo, ndo anamlipa jioni. Fundi atalipa na nini? Ana mwiko, ndoo, spiriti leveli na simu. Waliotunga sheria waliliona hilo zamani, ndo maana kuna kifungu kinachosema mtu akiwa kwenye biashara yake kachukua kazi kisha akaigawia kontrakta mwingine, basi mfanyakazi wa yule kontrakta akiumia, huyo wa juu anawajibika kumlipa kana kwamba amemwajiri yeye mwenyewe. Halafu huyo wa juu ana haki ya kumgeukia wa chini amrudishie. Kwa lugha ya saiti, poota anaweza kuruka fundi akaenda kwa sabukontrakta, au kwa kontrakta mkubwa mwenye bango, kwa sababu kazi ya plasta ni sehemu ya kazi ambayo kontrakta mkubwa aliichukua. Kugawa kazi hakugawi deni. Hii ndo sababu bango la getini lina faida kuliko watu wanavyofikiri, lipige picha siku ya kwanza ukifika, lina jina la kampuni, la injinia na la mwenye mradi, na siku ya ajali bango hupotea haraka sana.

Kwa hiyo poota, ambaye sote tunamwona ndo mnyonge wa mwisho, kisheria ana watu watatu juu yake wa kuwadai. Aliye hatarini zaidi ni fundi.

Mwangalie vizuri. Fundi huyu kachukua leba kwa bei moja ya jumla. Vifaa vyake mwenyewe. Anakuja saa anayotaka, anaweza kuleta mtu mwingine, ana kazi nyingine Mukono, akimaliza mapema faida yake na akichelewa hasara yake. Ukimpitisha kwenye yale maswali ya juu majibu yanaangukia upande wa kontrakta wa kweli. Ikiwa ubao ule ule ungemtoka yeye badala ya poota, fidia ya sheria hii haimhusu, kwa sababu hana mwajiri. Na wakati huo huo yeye ni mwajiri wa mapoota watano, anatakiwa kuwa na bima kwa ajili yao, na akitokea mtu wa juu kalipa fidia ya poota anaweza kumrudia yeye adai. Yaani hana kinga na ana deni, yote mawili kwa siku moja, kwa kazi ambayo faida yake labda ni laki chache. Mafundi wengi niliowauliza hawajawahi kujiita mwajiri hata siku moja, wanajiita mafundi tu, na hao mapoota wanawaita vijana wangu.

Mimi naona hapa sheria imemsahau mtu. Fundi wa leba siyo mfanyabiashara wa ujenzi kwa maana ya kweli, ni mfanyakazi aliyesukumiwa jina la kontrakta ili kampuni isimhesabu, na mara nyingi bei anapangiwa, atake asitake. Wakili mzuri anaweza kupigana kuonyesha kwamba ukontrakta wake ulikuwa wa jina tu, hasa kama injinia wa saiti alikuwa anamwamrisha kila siku, anamwambia aanze ukuta gani, anamkataza kuondoka kabla ya saa kumi na moja. Usikate tamaa kabla hujapimwa kwa ukweli wa kazi. Lakini kama kweli ulikuwa huru, njia iliyobaki ni kushtaki kwa uzembe, na hapo lazima uthibitishe kosa la mwenzako, tofauti na fidia ambayo haiulizi kosa. Msaada upo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, inayomtaka mwajiri achukue hatua za kuwalinda wafanyakazi wake na umma pia dhidi ya hatari za shughuli yake, kwa gharama yake. Jukwaa likiwa la kontrakta mkubwa, limefungwa kwa waya wa kuokoteza na miti imeoza, likaanguka na wewe, una hoja hata kama wewe si mfanyakazi wake. Kesi ya kuumia mwilini kwa uzembe una miaka mitatu ya kuifungua, usingoje mpaka mguu upone ndo uanze kutafuta wakili.

Shimo kubwa zaidi liko kwa mtu binafsi anayejenga nyumba yake. Mwalimu au askari kakopa SACCO anajenga vyumba vitatu Wakiso, kamkabidhi fundi kila kitu. Ujenzi siyo biashara yake, kwa hiyo kile kifungu cha kumpandisha mwajiri wa juu hakimkamati kirahisi. Poota akiumia pale anabaki na fundi peke yake, yule mwenye mwiko na ndoo. Kama mwenye nyumba ndo alikuwa anawachukua vibarua mwenyewe, anawalipa mwenyewe na kuwasimamia mwenyewe, basi yeye ndo mwajiri na asishangae akiitwa. Sehemu kubwa ya nyumba zetu zinajengwa hivi, na hakuna mtu kwenye mpangilio wote huo aliyewahi kuongea na wakala wa bima.

Sasa pesa yenyewe, maana watu wanataka kujua. Kifo kwa mwenye wategemezi, mshahara wa miezi 60. Kulemaa kabisa moja kwa moja, miezi 60 pia, na kama umelemaa kiasi cha kuhitaji mtu wa kukusaidia wakati wote inaongezwa robo. Kulemaa sehemu, daktari anapima asilimia kwa kufuata jedwali la sheria halafu unachukua asilimia hiyo ya miezi 60. Tuseme poota analipwa 20,000 kwa siku na anafanya siku 26, mwezi ni 520,000. Mara 60 ni 31,200,000. Daktari akisema amepoteza asilimia 20, ni 6,240,000. Linganisha na yale mambo ya fomani kuja hospitali na laki tatu na soda kisha anaomba saini. Kwa asiyekuwa na mshahara wa mwezi wanatafuta wastani wa kipato chake, na kama alikuwa hajakaa muda mrefu wanaangalia mtu wa kazi kama yake analipwaje, kwa hiyo kulipwa kwa siku hakukuondolei chochote. Kwa jeraha dogo ambalo halikukulemaza, lazima liwe limekuzuia kupata mshahara wako kamili angalau siku tatu mfululizo. Na mjane asiambiwe kwamba mume alikufa na kesi yake, wategemezi wanadai kwa jina lao.

Muda ndo unaoua kesi nyingi. Mwajiri apewe taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja. Kama mwajiri alishajua kwa njia nyingine, au ulikuwa na sababu ya maana, kuchelewa hakukufungii mlango, lakini kwa nini ujiweke kwenye mabishano hayo? Andika karatasi, hata kwa mkono, tarehe, saa, mahali, umeumia wapi, nani aliona, kisha ipigwe picha na itumwe pia kwa fomani kwenye simu ili tarehe ibaki. Mwajiri naye anatakiwa kuripoti ajali kwa afisa wa kazi wa wilaya, yule leba ofisa, na asiporipoti nenda mwenyewe, au atumwe ndugu. Leba ofisa ndo anakusaidia kukokotoa, na mwajiri akigoma anaweza kupeleka dai mahakamani kwa niaba yako. Mkibishana asilimia za daktari kuna bodi ya madaktari ya usuluhishi kwa kazi hiyo. Kama huna pesa ya wakili, Justice Centres Uganda wanatoa msaada wa kisheria bure, na Platform for Labour Action nao wamezoea mambo ya wafanyakazi.

Ushahidi wa poota kwa kawaida uko kwenye simu yake na hajui. Meseji za pesa ya simu kila Jumamosi jioni kutoka namba ile ile, hizo zinaonyesha nani alikuwa anakulipa, kiasi gani, kwa muda gani. Sauti za fomani kwenye WhatsApp, "kesho mje saa moja, slabu ya pili", hayo ndo yale maelekezo na usimamizi sheria inayoyasema. Usifute. Simu ikiharibika nenda kwa mtandao uombe taarifa ya miamala. Picha ya kaunta buku lenye jina lako ni dhahabu, omba mwenzako aipige wakati bado lipo.

Karatasi za "nikiumia ni juu yangu" zinazosambazwa siku ya kwanza, zisikutishe. Makubaliano ya fidia yanatakiwa yaidhinishwe na leba ofisa na yasiwe chini ya kile ambacho sheria inatoa, kwa hiyo saini uliyoweka hospitali ukiwa na dripu mkononi haikufungi kama wanavyokuambia. Hata hivyo usisaini.

Na kwa fundi wa leba, ambaye sheria imemwacha kati, kuna mambo mawili yanayowezekana kabla ya kupanda jukwaa. La kwanza, kabla ya kukubali bei muulize kontrakta kama bima yake inafunika watu wa masabukontrakta, na aonyeshe karatasi, aseme pia kama wewe mwenyewe umo kwa jina. Wengine wanaweza kukuongeza kwa gharama ndogo tu, ni vile hakuna anayeuliza. La pili, kampuni za bima zinauza bima ya ajali binafsi ambayo haiulizi kama una mwajiri, unalipa kwa mwaka, ukiumia au ukifa wanalipa kiasi mlichokubaliana. Uliza inafunika kazi za juu au imezitoa, hilo swali la kazi za juu ni la lazima, kuna zinazotoa kazi za hatari kwa maandishi madogo. Ile bima ya vijana wako na hii yako ziwe mistari miwili kwenye bei unayompa kontrakta, pamoja na usafiri na chakula, ziandikwe waziwazi "bima ya wafanyakazi" na "bima ya fundi". Akizikata, mwandikie meseji kwamba amezikata na kwamba watu watafanya kazi chini ya bima yake, kisha itunze hiyo meseji. Kampuni ya bima ikikusumbua kulipa, mamlaka ya kusimamia bima, IRA, wana dawati la malalamiko.

Hilo la kuandika mistari miwili kwenye bei naona ndo sehemu ambayo mafundi wakiwa pamoja wanaweza kusukuma. Fundi mmoja akiweka bima kwenye bei yake anaonekana ghali na kazi inaenda kwa mwingine, lakini mafundi wa plasta wote wa eneo moja wakiweka, kontrakta atalipa kwa sababu jengo haliwezi kukaa bila plasta. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi kipo, ila kimejikita zaidi kwenye kampuni kubwa, mabwawa na barabara, mafundi wa leba wa Najjera na Kyaliwajjala bado kila mtu anapatana bei peke yake usiku kwa simu.